Salamu Inayochelewa

Daktari ninayembeba kwa bodaboda anatafiti presha ya macho, ugonjwa unaoiba nuru kuanzia pembeni. Upasuaji haurudishi nuru iliyopotea. Unalinda iliyobaki tu, kwa hiyo kila mwaka anawafuata majumbani wale aliowapasua. Kucha zake fupi, sauti yake ya chini. Mwanzoni nilidhani hana adabu. Akifika kwa mzee hamwamkii. Anavua viatu, ananyata hadi ubavuni mwake na kusimama kimya, aone kama ataonekana. Kule Chanzuru, Bi Sikuzani alimfokea bila hata kugeuza shingo: "Wewe binti, shikamoo umeiacha wapi?" Siku hiyo daktari aliimba njia nzima.

Juzi, kule Kimamba, Mzee Theodory, ambaye daktari alimpasua macho yote mawili, alikuwa barazani akipukuchua mahindi. Daktari alisimama kulia kwake. Akahamia kushoto. Punje ziliendelea kudondoka kwenye ungo. Mwishowe akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari wangu." Mzee akatabasamu. "Ndiyo kwanza unafika?"

"Ndiyo, baba. Ndiyo kwanza nafika."