Jibu Nililompa Shangazi Mwanahawa

Haijanitoka moyoni siku ile, mwanangu, ingawa sasa magoti yananigomea nikiinuka mkekani. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, tukiishi Temeke, na Kiingereza changu cha shule kilikuwa kimenivimbisha kichwa. Akaja mama mmoja mtafiti kutoka ng'ambo na kinasa sauti chake, akitaka nyimbo za wazee wetu zisipotee. Nikawa mkalimani wake.

Shangazi yangu, Bi Mwanahawa, alikuwa kungwi. Wasichana wa mtaa mzima aliwafunda yeye, na nyimbo zake za unyagoni hazikuwa za kusikiwa na mwanamume. Kabla ya kuanza kuimba alinitazama.

"Nani atausikia wimbo huu?"

Swali lile lilikuwa la kujibiwa na mgeni, si na mimi. Lakini sikulifikisha kwake. Niliogopa kumchosha, na nilitamani aniite tena kesho. Nikajibu mwenyewe, "Hakuna, shangazi. Ni wa kuhifadhi tu." Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, nami nilijikwaa ulimi. Shangazi akaimba.

Mwaka haukuisha. Tulikwenda harusini Kinondoni, wanaume upande wao, wanawake upande wetu, kaseti zinapigwa. Nani aliyenakili kanda ile ya mgeni, hadi leo sijui. Mara nikasikia sauti ya shangazi, maneno yale ya ndani kabisa, na upande wa wanaume wakaanza kucheka. Shangazi alijitanda khanga yake vizuri, akainuka, akaondoka. Nikamfuata.

Njiani hakunigombeza. Tulipofika mlangoni kwake ndipo aliposema, "Yule mgeni sina ugomvi naye, hanijui. Wewe unanijua. Nilikuuliza, ukanijibu usilolijua."

Hakumfunda mwali tena. Kina mama walikuja kumwomba, akawarudisha. Nilimwomba radhi akanisamehe, lakini nyimbo zake alikwenda nazo kaburini.

Juzi mjukuu wangu Salma amenirudishia hofu ya siku ile. Yumo katika mradi wa vyuo vya hapa na vya nchi jirani, pamoja na wenzao wa ng'ambo. Wanarekodi wazee ili kompyuta zijifunze lugha zetu na ziwasaidie watoto kusoma. Kazi njema, siikatai. Nilimpeleka Mbagala kwa Bi Tatu, mzee mwenzangu, hazina ya hadithi.

Bi Tatu akamuuliza, "Sauti yangu mtaipeleka wapi?"

"Usijali bibi, iko salama," akajibu Salma, kidole tayari kwenye simu.

Nikamshika mkono. "Salama wapi?"

Akaishusha simu. "Kusema kweli bibi, hiyo ishu mie sijui. Tumeambiwa tukusanye tu."

"Basi waulize waliokutuma."

Akawaandikia palepale. Kumbe wenzake wa nchi jirani nao hawakujua, nao wakaanza kuuliza. Jibu la wakubwa halijafika, na hadithi hazijarekodiwa. Na Bi Tatu anakohoa, mwanangu, wiki ya pili sasa. Naogopa hadithi zake zisije zikazikwa kama nyimbo za shangazi. Naogopa pia zisije zikatoka kama wimbo wa shangazi. Kati ya hofu hizo mbili, usingizi wangu umekuwa wa kuibia.

Shirikiana na watu wa mataifa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ukisimama kati ya mgeni na mzee wako, usimjibie hata mmoja. Chukua swali, rudisha jibu, na kama jibu halipo, sema halipo. Mzee akikwambia hili chukua, hili liache, liache. Wala usimwambie "usijali" mtu mwenye haki ya kujali. Na uulize mapema, maana wazee hawangoji.

Mungu akupe ulimi mzito wa kuahidi na mguu mwepesi wa kuuliza. Akujaalie wazee wanaokuamini, na akuepushe na siku ya kuwatazama machoni ukakosa la kusema.