Karatasi Zisizo na Wateja

Nikisikia mtu anasema "sistimu haina shida, shida ni mtumiaji," damu inanichemka mpaka leo. Nimenyamaza vya kutosha, acheni niseme.

Nilikuwa keshia kwenye duka la zana hapa Shinyanga mjini. Tuliuza plau, mabomba, minyororo ya ng'ombe, gambuti. Nikimaliza kuuza nabonyeza kitufe kimoja, zinatoka karatasi mbili. Risiti inatoka kaunta, anapewa mteja. Ya pili, karatasi ya stoo, inatokea nyuma ya ua kwenye printa ya mzee wa stoo. Yeye anaisoma, anatoa mzigo, anauweka dirishani na kuita, "Mwenye plau!" Mteja akishachukua, mzee anaichomeka karatasi kwenye msumari uliopigiliwa ukutani.

Mzee huyo alikuwa mtu wa Kishapu, na bila karatasi hakupi hata nati. Siku moja bosi alimtuma dereva akachukue mnyororo, kwa maneno tu. Mzee akamrudisha mikono mitupu. "Stoo yangu haitoi kitu kwa mdomo," akasema, na bosi ikabidi aje kaunta achapiwe karatasi kama mteja mwingine. Tulicheka wiki nzima. Bosi hakucheka.

Mwaka ule bosi akafungua tawi Geita, kwa ajili ya wachimbaji. Fundi wa kompyuta akaja, akachukua setingi zote za Shinyanga, akaenda kuzipachika kule vilevile zilivyo, akanywa soda yake, akaondoka. Na siku zile zile, huku kwetu, karatasi zikaanza kutoka stoo bila watu.

Mzee anasoma: gambuti jozi kumi. Anazitoa, anazipanga dirishani. "Mwenye gambuti!" Kimya. Anaita tena, kimya. Anarudisha. Kabla hajakaa, inatoka nyingine: sululu na tochi za kichwani. Anaita, hakuna mtu. Wapakiaji wakaanza maneno yao, mara mzee anaota mchana, mara karogwa. Yeye akapigilia msumari wa pili, akawa anachomeka huko karatasi zisizo na wateja, moja baada ya nyingine.

Akaja kaunta kwangu na moja mkononi. "Ng'wanawane, mwanangu, hii namba nne ni nani?" Chini ya karatasi paliandikwa Keshia 4. Mimi nilikuwa na foleni mpaka mlangoni. "Baba, hayo ni mambo ya kompyuta, usihangaike nayo." Akanishukuru kwa Kisukuma, "Haya, wabeja," akarudi stoo. Aliniuliza mara tatu. Mara ya tatu nilicheka mbele ya wateja, nikawakonyeza. Kuuliza si ujinga, tunasema. Mjinga nilikuwa mimi.

Mwisho bosi alikuta mota na mipira ya maji imezagaa dirishani bila mwenyewe. Akamwita mzee mbele yetu sote. "Wewe na mashine mmeshindwana. Umezeeka, nenda kapumzike." Mzee akamnyooshea zile karatasi za msumari wa pili. Bosi hata hakuzigusa. Mzee wa watu akaweka funguo kwenye kaunta yangu, akaniambia nisiwaachie wapakiaji, akapanda baiskeli yake akaenda.

Kesho yake nikapewa mimi stoo niishike. Saa nne asubuhi printa ikakoroma, karatasi ikatoka: mota ya kuvutia maji, moja. Nikaita dirishani, hakuna mtu. Nikaangalia chini. Keshia 4. Jamani! Shinyanga nzima makeshia tulikuwa wawili tu, mimi na mwenzangu. Nikapiga simu Geita.

"Dada, namba nne ni wewe?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Umeuza mota sasa hivi?"

"Mteja ndiyo anaifunga kwenye bodaboda. Umejuaje?"

"Karatasi yako ya stoo iko wapi?"

"Kwani kuna karatasi ya stoo? Huku tunatoa kwa risiti tu."

Loh! Kila walichouza Geita kilikuwa kinamwita mzee wetu Shinyanga. Fundi alihamisha setingi zetu zote, hadi mahali pa kupeleka karatasi ya stoo. Nilipompigia akaanza na ule wimbo wake, sistimu haina shida. Nikampa maneno ambayo mama yangu hakunifundisha. Ndipo akafungua orodha ya printa, akachagua ya Geita, akaniambia tayari. Dakika moja! Mtu kavuliwa heshima yake mbele za watu kwa uvivu wa dakika moja.

Nikamweleza bosi. "Kumbe!" akasema. "Haya, kamwambie arudi kesho."

Nikaenda kwake Ngokolo, nikamkuta anapaka mnyororo wa baiskeli mafuta. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nikamweleza yote, na kicheko changu nikakitaja, nikamwomba radhi.

"Kumbe namba nne ni Geita," akasema taratibu. "Basi nilikuwa nauliza vizuri." Akafuta mikono. "Na bosi kasemaje?"

"Kasema urudi."

"Kasema. Karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani, baba?"

"Ya kwamba aliyekosea ni yeye. Alinifukuza mbele za watu, aibandike mbele za watu. Kwa mdomo sitoki."

Nikaiandika mwenyewe, mistari minne, nikaichapa, nikampelekea bosi atie sahihi. Akaisoma akacheka. "Yaani mimi nimwandikie mtu wa stoo?" Akaigeuza, akaandika nyuma yake namba ya simu ya dereva.

Niliacha kazi mwezi ule ule, na bado nina hasira. Nasikia duka sasa lina printa za kutosha huku na Geita, na kila karatasi inafika inakotakiwa. Isipokuwa ile moja, inayosubiriwa Ngokolo.