Tulivyokwenda Mikumi Kumwitikia Siwema

Nilifunga kibanda changu cha ushonaji siku ya Jumamosi, siku ambayo fundi mwenye akili zake hafungi, kwa sababu Siwema alikuwa anarudi. Mlio mbali mtauliza Siwema ni nani. Ni mchezo wa jukwaani, "Siwema wa Kambini", nyimbo tupu mwanzo hadi mwisho, walioutunga babu na bibi zetu waliokuja Kilosa kukata mkonge na kutandika reli. Walikuwa wakiucheza kambini siku za Jumapili. Mashamba yalipolala, mchezo nao ukalala. Kikaja kikundi cha Mikumi kikaufufua. Tukauona Jumamosi mbili tu, tukachanganyikiwa kwa furaha, mara korona hiyo ikaingia. Mikusanyiko ikazuiwa, ukumbi ukajazwa magunia ya mahindi, wasanii wakatawanyika. Hata watu waliporudi mpirani na harusini, ndoo za kunawia zikageuzwa za kufulia, Siwema hakurudi.

Sisi wa Kilosa tukabaki tunasubiri miaka na miaka. Tuna kundi letu la WhatsApp, tunajiita Waitikiaji, na kila asubuhi mmoja alikuwa anatuma sauti yake akiimba mstari wa Siwema, wengine wanaitikia. Mkuu wetu ni Bi Sikuzani, muuza mchele pale sokoni. Huyu mama alizidi wote. Wateja wake walimzoea mpaka mtu akitaka kuhudumiwa haraka alikuwa anaimba tu mstari, na Bi Sikuzani anaitikia hata kama ana tonge mdomoni.

Niwaeleze kidogo mchezo wenyewe, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini nilifunga kibanda Jumamosi. Siwema anashuka kwenye treni stesheni ya Kilosa, anamtafuta mume aliyekuja kufanya kazi ya mkonge. Anawageukia abiria, yaani sisi watazamaji, anaimba, "Mmemwona wangu, mmemwona?" Nasi tunaitikia, "Tumemwona, yuko njiani!" Ndipo mchezo unaendelea. Lakini tuna desturi iliyotoka kambini. Mwimbishaji, yaani anayecheza Siwema, anaita mara tatu. Asipoitikiwa, anashuka jukwaani, na siku hiyo mchezo umekwisha. Msidhani ni utani. Kabla ya Jumamosi zile mbili alijaribiwa binti mmoja wa Morogoro, sauti yake haikuwakolea watu, akashuka, tukarudi makwetu saa kumi jioni jua likiwaka. Na anayefungua kitikio, yaani wa kwanza kuitikia, lazima awe wa Kilosa, kwa kuwa stesheni ni yetu. Watu wa Mikumi wanaingia baadaye, kwenye sehemu ya kambini. Tena ndugu wa mwimbishaji haruhusiwi kufungua, la sivyo kila mama angemfanya mwanawe nyota.

Sasa Siwema wetu wa zamani, Tatu, magoti yalimshinda, akahamia Tabora kwa mwanawe. Siwema mpya ni Rehema, aliyetangulia Mikumi siku moja kabla yetu. Na Rehema ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja.

Asubuhi ya safari tulikutana karibu na stendi, Kosta tuliyoikodi imeshajaa wanawake wa kitenge cha kijani nilichokishona mimi mwenyewe. Nikampa Bi Sikuzani shikamoo yake, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikajua kuna jambo. Bi Sikuzani asiyekutazama usoni ni kama mawingu juu ya milima ya Mamboya, utaloa tu.

Hatujafika mbali nje ya mji akasimama katikati ya gari, akashika viti viwili, akatangaza. Alisema miaka yote hii alikuwa anamsubiri Tatu, si mtu mwingine. Siwema ni Tatu. Akisikia sauti nyingine mdomo wake ameufunga, na kila anayemheshimu Tatu afunge wa kwake. Gari zima likasema ndiyo. Mimi nimekaa palepale, wamenizunguka, nimevaa nguo ya rangi yao!

"Fundi, sina ugomvi na mdogo wako," akaniambia. "Rehema ni binti mzuri, ana adabu. Lakini tukiitikia mwingine tumemzika Tatu akiwa hai."

Nilijibu vibaya, sitaki kuyarudia hapa niliyoyasema. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikageukia dirishani nikanuna kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Kwenye mashamba ya Tindiga mpunga ulikuwa umeanza kupiga rangi ya dhahabu, na gari likasimama kupisha ng'ombe. Wafugaji wawili walikuwa nyuma ya kundi na fimbo zao mabegani, hawana haraka na mtu. Siku nyingine ningefurahia kutazama. Siku hiyo niliona kila ng'ombe anapita kwa makusudi ya kunichelewesha nisimwahi Rehema. Nilitaka nimwone kabla hajapanda jukwaani, nimweleze anachoendea.

Kijijini Ulaya tulishuka kunyoosha miguu. Hapa hakuna msafiri wa Kilosa asiyepiga simu nyumbani kutamba kwamba amefika Ulaya bila pasipoti, na wenzangu wakapiga, wakacheka. Mimi nilitafuta bodaboda ya kunirudisha. Ndiyo, nilifikia hapo. Niliona bora nisiwepo kuliko kukaa katikati ya watu wanaomshusha mdogo wangu. Kilichonizuia ni kwamba yule kijana wa bodaboda alikuwa anakula mihogo, akaniambia nisubiri amalize, na kumaliza kwenyewe kukawa kwa pozi. Dereva wetu akapiga honi. Nikapanda tena, bado nimenuna.

Adhuhuri tuliingia Mikumi. Mtaijua kwa malori ya masafa marefu yaliyopangana kando ya barabara kuu, na harufu ya nyama choma, na wageni wa mbugani wanaonunua maji huku wamevaa kofia kubwa. Tulifikia kwa Mama Nuru, mwenyeji wetu wa tangu zile Jumamosi mbili. Alikuwa ameshapika wali na maharage ya nazi, ametandika mikeka uani, kila mmoja akakumbatiwa. Aliposikia mpango wa wageni wake akaweka upawa chini.

"Kwa hiyo mmekuja kutoka Kilosa yote hiyo kuja kunyamaza?" akauliza.

Bi Sikuzani akaomba aongezewe mchuzi.

Baada ya chakula nilichomoka peke yangu hadi ukumbini. Ni banda kubwa la mabati nyuma ya soko, na siku hiyo liliyapendeza macho. Magunia hayapo, sakafu imepigwa deki, jukwaa limepakwa rangi upya, na wapiga ngoma wanakaza ngozi zao juani. Nilimkuta Rehema chumba cha nyuma anajifunga kaniki ya Siwema. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Nikamwambia nitaitikia mimi, na desturi ikafie mbele huko.

"Najua, kaka. Walimwambia mama sokoni tangu juzi."

"Na bado umekuja?"

"Nikishuka, nitashuka kwa miguu yangu. Ila wewe usinifungulie. Ukinifungulia wewe, mpaka nakufa nitakuwa dada wa fundi, sitakuwa Siwema."

Nikamfunga vizuri fundo la kaniki mgongoni, kwa kuwa hiyo angalau kazi naiweza, nikatoka machozi yananilenga.

Alasiri watu walijaa mpaka madirishani. Mikumi kulia, Kilosa kushoto, kama ilivyo ada. Niliona wanaume wazima wanalia ngoma ya kwanza ilipopigwa, na sikuwacheka, maana tuliikosa mno ngoma hiyo. Wengine waliokaa nasi kwenye mabenchi zile Jumamosi mbili hawapo tena duniani, na mama mmoja mbele yangu alikuwa ameacha nafasi ya mumewe wazi, ameweka mkoba wake juu. Treni ikaingia, yaani miguu yetu sote ikikanyaga sakafu polepole halafu haraka. Hapo hata Bi Sikuzani alikanyaga, kwa kuwa treni haikuhusika na kiapo chake. Kisha miguu ikatulia, na Rehema akatokea jukwaani kama anayeshuka kwenye treni, furushi lake kichwani.

Akaita mara ya kwanza. "Mmemwona wangu, mmemwona?"

Kilosa kimya. Nilisikia mabati yanalia kwa joto.

Akaita mara ya pili. Niliwatazama wenzangu, wote macho chini, wengine wanasuka ncha za kitenge. Upande wa Mikumi wameanza kunong'ona, Mama Nuru amesimama kabisa, mkono kiunoni, anatukodolea. Nami nimejiuma mdomo mpaka nikaonja damu. Jamani, kunyamaza kuna kazi! Nilimwona mdogo wangu jasho linamtiririka shingoni, na nikasema moyoni basi, ndio anashuka.

Mara ya tatu hakuita kama Tatu. Tatu alikuwa akipandisha sauti juu kabisa mpaka mabati yanatetemeka. Rehema aliishusha. Akatua furushi, akakaa juu yake kama mwanamke aliyechoka safari kweli, akatuuliza taratibu, kama mtu anavyomuuliza jirani dukani asubuhi, "Mmemwona wangu, mmemwona?"

"Tumemwona, yuko njiani!"

Sauti ilikuwa moja, nene, ya mtu aliyezoea kuita wateja. Ilitoka kwa Bi Sikuzani. Akageuka nyuma haraka kumtafuta aliyeitikia. Akageuka kushoto. Halafu akajifunika mdomo kwa viganja viwili, macho yamemtoka. Asubuhi zote zile za kuitikia sokoni mdomo wake ulishazoea, haukuwa na habari na mkutano wa kwenye Kosta.

Lakini kitikio kimeshatoka, tena kimefunguliwa na mtu wa Kilosa asiye ndugu. Upande wetu wote ukaruka kutoka kwenye mabenchi ukaitikia kwa nguvu ya miaka yote ile ya kusubiri. Mikumi hawakungoja zamu yao ya kambini, wakatupokea palepale. Ngoma zikaingia, vigelegele juu, mama wa mkoba akaunyanyua mkoba wake juu akiuzungusha hewani. Na mimi nikaruhusiwa sasa. Niliitikia mpaka sauti ikakatika, na Jumatatu yake wateja walidhani nina mafua. Rehema alisimama, akauimba mchezo wote hadi mwisho, na alipomkuta mume kambini na mke mwingine, akamwimbia ule wimbo wa kumrudishia furushi lake, hapakuwa na mtu aliyekaa. Walimtunza khanga hadi akawa haonekani.

Jioni uani kwa Mama Nuru wote tulimzonga Bi Sikuzani. Akasema alikuwa anapiga chafya. Tukacheka mpaka majirani wakachungulia. Rehema alipofika akapiga goti kumwamkia, na Bi Sikuzani akachelewa kuitikia, kisha akamvuta akamkalisha kando yake kwenye mkeka. Alimlisha pilau kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi ya kurudi Rehema alipanda Kosta pamoja nasi. Tulipovuka Ulaya Bi Sikuzani alitoa simu, akampigia Tatu huko Tabora, akaweka sauti kubwa tusikie sote. Alitaka kuungama, nadhani. Alianza kwa mbali, akauliza magoti, akauliza wajukuu, akauliza hali ya mvua. Halafu akasema kwamba jana kumetokea jambo na amsamehe.

Tatu alimkatiza. "Niambie kwanza. Binti alishuka?"

"Hakushuka. Ni mimi niliyemfungulia, dada. Sikukusudia."

Simu ikaanza kukwaruza, tukadhani ni mtandao. Kumbe Tatu analia. Alipopata sauti akasema, "Kila nilipowasikia mnaimba kwenye lile kundi nilikuwa naogopa. Nilijua mtanisubiri mpaka nife, na Siwema afe na mimi. Sikuzani, jana umenishusha salama. Mpe simu huyo mtoto."

Rehema akapewa simu. Akazima ile sauti kubwa, akaibana sikioni, akageukia dirishani. Waliongea wao wawili mpaka tukafika Tindiga, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza wanaongea nini, ingawa tulikuwa tunakufa kwa hamu. Bi Sikuzani alijifuta uso kwa kitenge nilichomshonea.

Mimi nilitoka Kilosa nikiamini kwamba Tatu ana marafiki wengi na mdogo wangu ana maadui gari zima. Nimerudi nikijua kwamba walikuwa wanampenda Tatu kwa namna iliyomtesa, na yeye kwa upendo wake kwao alikuwa anaona haya kuwaambia. Kusubiri nako kuna mwisho wake, na mwisho wenyewe unaweza kufika na sura ya mtu mwingine. Tuliposhuka stendi Kilosa watu wakauliza Siwema wa safari hii ni nani. Sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Bi Sikuzani alimshika Rehema mkono, akapita naye katikati ya soko hadi kwenye mchele wake, akiwaambia wote waliokuwa njiani, "Ni huyu."