Jina Ambalo Phylis Hakuliandika

Phylis Mumo anasahihisha kazi za wanafunzi wa chuo kikuu, na ofisi yake ni meza moja kwenye kona ya saluni yangu hapa Kitengela. Mimi nasuka, yeye anasoma. Wateja wangu humwonea huruma kwa sababu kila mara amekunja uso, wakidhani ana shida. Hana. Alikuwa mwalimu wa sekondari, na udadisi haukustaafu naye.

Sheria yake ni moja, nayo hunikera: haongezi jambo ambalo mwanafunzi hakulisema. Atanyoosha sentensi, lakini asipoelewa anachora alama ya kuuliza pembeni na kumrudishia mwenyewe. Wapo waliomsihi awaandikie sura nzima. Huwauliza, "Na shahada itakuwa ya nani?" Mimi huona anafukuza riziki mlangoni.

Hivi majuzi alikuja Nailantei, msichana wa Kimana, na tasnifu kuhusu mfereji unaonyweshea vitunguu vya kwao. Phylis aliisifu hadi nikashangaa, maana si mwepesi wa sifa. Ila ndani yake mlikuwa na mtu mmoja asiye na jina. "Yule aliyeanza kuchimba." "Yule aliyepatanisha wakulima na wafugaji." Wengine wote walitajwa, hata mwenye trekta. Msimamizi wake chuoni alikuwa amemrudishia kazi: bila jina la mtu huyo, sura inayomhusu haisimami, na bila sura hiyo hakuna kuhitimu mwaka huu.

"Huyu ni nani?" Phylis akauliza, akisogeza miwani.

"Ni mjomba wangu. Alikufa mwaka jana." Nailantei akaangalia sakafu. "Kwetu mtu akishakufa hatumwiti jina. Siku hizi wengi wameacha, lakini yeyo, mama yangu, hajaacha, na huyo mjomba ni ndugu yake. Nikimaliza lazima nimsomee mama hii kitu yote. Mwalimu, si wewe ni Mkamba? Andika wewe. Haitakuwa mimi."

Nilisimamisha kitana. Sisi Wakamba tunawapenda wafu wetu kwa kuwaita. Mimi ni Nzisa kwa sababu ya nyanya yangu, na nikiitwa naona ameitwa yeye. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna watu ambao mapenzi yao ni kunyamaza.

"Hiyo siwezi," Phylis akasema. "Nikiandika mimi, atakayesoma atajua ni wewe umesema."

Hapo nilipandwa na hasira. Mwacha mila ni mtumwa, sawa, lakini mshika mila naye akose digrii kwa neno moja?

"Lete hiyo karatasi," nikasema, nikichukua kalamu ya Phylis. "Mimi siko na sheria. Anaitwa nani?"

Nailantei akafungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamlengalenga. Ili mimi niandike, ilibidi kwanza yeye alitamke lile jina. Niliona haya, nikairudisha kalamu mezani.

Phylis alivuta kiti karibu naye. Hakumhubiria.

"Haya uliyotuambia sasa hivi, msimamizi wako anayajua?"

"Hapana. Niliona ni kitu ya nyumbani tu."

"Mwandikie hivyo hivyo. Mimi nitasahihisha."

Msichana aliandika, akafuta, akaandika tena, hadi mteja wangu akamaliza kusukwa. Alichotoa ni hiki: "Mfereji huu ulianzishwa na mjomba wangu. Amefariki, na nyumbani kwetu aliyefariki hatajwi jina. Kila mahali nilipoandika yule, ni yeye."

Phylis aliisoma polepole, kalamu hewani. Nilingoja aikatekate kama kawaida yake. Hakugusa kitu.

Msimamizi aliikubali, na Nailantei akapita.

Akatupigia simu kutoka Kimana. Alikuwa amemsomea mama yake, akimtafsiria kwa Kimaa, lugha ya kwao. Tuliinamia simu wote wawili, maana nilikuwa nimewaza sana kuhusu huyo mama. Alisema nini?

Nailantei alitueleza. Mama alikuwa akichambua maharagwe tu, kurasa zikipita. Nailantei alipofikia ile sentensi ya "kila mahali nilipoandika yule, ni yeye", mama aliweka sinia chini.

"Rudi mwanzo," akasema. "Nisomee kila mahali yuko."