Folda ya Mama

Kosa la kwanza ni langu, na nalisema mwenyewe kabla hajalisema mtu. Nyumba yetu ya Kibiti ina kompyuta mbili: laptop yangu chumbani, na ile kubwa ya mdogo wangu wa kiume sebuleni, yenye printa. Kila nikitaka kuchapa barua, mpaka nihangaike na flashi, na flashi za nyumba ile virusi tupu. Nikachoka. Siku moja nikaziunganisha kompyuta zote mbili kwa rauta yetu, nikaifungua folda yangu ya nyaraka, yote nzima, ili ionekane kwenye kompyuta yake, niwe nachapia huko. Mashine iliponiuliza nani aruhusiwe, nikaweka kila mtu. Iliponiuliza asome tu au aweze na kubadilisha, nikampa vyote. Ndugu yangu wa tumbo moja, nimbanie nini?

Ndani yake mlikuwa na folda nyingine ndogo, nimeiandika MAMA.

Mama yetu alitoka visiwani, huko delta, na alikuwa kungwi. Kila mwali wa ukoo wetu alipowekwa ndani, yeye ndiye aliyemfunda, kwa nyimbo na maneno aliyoyapokea kwa mama yake. Alipoanza kuugua akaniita, akataka nimrekodi, maana binti yangu alikuwa bado mdogo na yeye haoni kama atamuwahi. "Ila wanaume wasisikie," akaniambia. Tukawa tunafunga mlango asubuhi, mimi na simu yangu, yeye anaimba, anakohoa, ananicheka kwa haya zangu. Simu ilipojaa nikahamishia zote kwenye laptop, nikafuta kwenye simu. Na kweli hakumuwahi. Tulimzika kwao kisiwani.

Binti alipovunja ungo, nikafungua ile folda nianze kujifunza. Hamna kitu. Nikatafuta kila mahali, hamna!

Nikamfuata mdogo wangu sebuleni. "Wewe, folda ya mama umeifanya nini?"

Hakuniangalia. "Nimeifuta kwangu, dada. Kwako sijagusa."

"Kwako wapi? Ile ni laptop yangu umeingia! Ukifuta huko umefuta kwangu, tena haiendi hata kwenye pipa la taka, inapotea jumla!"

"Sasa mimi ningejuaje?"

Kumbe aliliona jina, akafungua kwa hamu, akidhani ni mazungumzo tu, naye kamkumbuka mama yake. Akamsikia anaimba yale ya ndani. Astaghfirullah, mtoto wa kiume! Akazima, akafuta zote, akanyamaza wiki nzima tunakula sahani moja.

"Si ungeniambia!"

"Ningekwambia nini, dada? Kwamba nimesikia? Ningeanzia wapi?" Akafuta macho kwa kiganja. "Nilimsitiri mama."

Alikuwa analia kweli. Nilimchukia na machozi yake.

Fundi wa Ikwiriri alikaa na laptop ile siku mbili, akanirudishia mafaili yenye majina yaleyale. Ukifungua, kimya. Watu wananiambia nimsamehe, hakukusudia. Sikatai. Lakini mtu akikukanyaga kidole bila kukusudia, ndiyo huumii? Najisema na mimi pia. Mama alinipa sharti moja tu, nami nikaenda kubonyeza kila mtu, kwa uvivu wa kubeba flashi.

Ikafika siku ya mwali wangu. Nje mdogo wangu alichinja mbuzi, akawapangia wageni viti, akachangamka, mjomba wa kujivunia. Ndani wanawake wakanigeukia. Wote walijua mama aliniachia. "Haya, tupe ya mama yako," wakasema.

Nikaanza. Mstari wa kwanza ulikuja, wa pili ukaja, wa tatu nikaubuni, na wakubwa wakajua kuwa nabuni. Binti yangu, kajifunika khanga, akainua macho kunitazama. Wa nne haukuja. Mama mmoja wa Ruaruke, si wa ukoo wetu, akaona nateseka, akapokea kwa upole na nyimbo za kwao, akaendelea nazo mpaka mwisho.

Mjukuu wa kungwi amefundwa kwa maneno ya nyumba ya watu. Walipomaliza, wenzangu wakapiga vigelegele, nami nikapiga.