Vipande vya Mkaa Barazani kwa Bi Time

Mara ya mwisho Khairat kukimbia alikuwa msichana wa chuo cha Kurani, na aliyemkimbiza ni beberu wa Idd aliyekata kamba. Tangu siku hiyo hakuona sababu tena. Alikuwa mpishi wa shughuli, na mtaa mzima wa Ngamiani ulimjua. Iwe harusi, iwe hitima, iwe arobaini ya mtoto, palipotelekwa sufuria ya kuenea mtu mzima, hapo yupo Khairat na upawa wake. Unene wake ndio uliokuwa kibao cha biashara. Mpishi mwembamba nani amwamini? Chakula chake mwenyewe kimemkataa, atawapa wenziwe?

Kizunguzungu ndicho kilichompeleka zahanati. Muuguzi, Sista Praxeda, alimfunga kitambaa cha presha mkononi, akasoma, akamfunga tena mkono wa pili.

"Mama, vingazi vile viwili tu vya mlangoni ndivyo vinakufanya uheme hivi?"

"Jua kali, mwanangu."

"Jua liko nje. Presha yako iko juu, na sukari inakunyemelea. Dawa nitakupa, lakini dawa peke yake haitakufikisha. Utembee. Ukizoea, ukimbie kidogo kidogo."

Khairat alimtazama kwa jicho la pembeni. Msichana wa Kishambaa huyu, anajua nini? "Nyinyi kwenu mnapanda vilima tangu matumboni mwa mama zenu," alisema. "Sisi wa pwani Mungu katupa ardhi ya tambarare ili tukae."

Praxeda hakucheka. "Mama yangu naye alinijibu kwa mzaha," alisema, akaendelea kuandika. Hakusema mama yake yuko wapi sasa, na Khairat hakuuliza. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani maneno yale yalimfuata kama mbwa asiye na mwenyewe.

Akanunua raba za mtumba, akazificha chini ya kanga kwenye kikapu cha vitunguu. Mumewe, Maulid, fundi baiskeli, ndiye peke yake aliyeambiwa.

"Utakimbia," Maulid alirudia, spana mkononi. "Wewe?"

"Mimi. Na ukimwambia mtu, utakula kwa mama ntilie mpaka ufe."

"Nimwambie nani? Nani ataniamini?"

Aliogopa kuchekwa na watu kuliko alivyoogopa presha. Kwa hiyo alichagua saa ambayo wanaume wamekwisha kurudi msikitini na kujilaza tena, na wanawake hawajawasha majiko. Mwanga wa asubuhi umeanza kuonekana lakini sura bado haisomeki. Alivaa suruali ya Maulid, juu yake baibui jeusi, na mtandio mweusi akaufunga hadi kidevuni. Siku ya kwanza alifika kona ya nyumba yao tu. Moyo ulimtwanga kifuani kama mchi, magoti yakalia, akashika ukuta wa watu na kuapa kwamba Praxeda ametumwa. Kesho yake akaenda tena. Hakujua kwa nini. Pengine kwa sababu mwili uliozoea kumtii ulikuwa umemkaidi, naye hakupenda kukaidiwa.

Baada ya wiki kadhaa aliweza kuzunguka nyumba zote za upande wao: anatoka kwake, anaingia kichochoro cha nyuma anakokaa Bi Anastazia, mjane wa Kikristo aliyeletwa mjini zamani na kazi ya mkonge, kisha anatokea mbele ya baraza la Bi Time. Halafu akaweza mizunguko miwili, kisha zaidi, na hapo hesabu ikaanza kumpotea. Akatumia njia ya kazini. Mpishi wa shughuli anapopima mchele huku wanawake wanapiga soga, haamini kichwa chake. Kila pishi ikimwagwa kwenye ungo, huweka kando kipande kimoja cha mkaa. Ndivyo alivyofundishwa na bibi yake. Basi akawa anabeba vipande vya mkaa mfukoni, na kila mzunguko ukitimia, anakiweka kimoja kwenye ncha ya baraza la Bi Time. Siku za mwanzo aliviokota alipomaliza. Baadaye, akimaliza amechoka hoi, alijiambia: mkaa tu, nani atauangalia?

Nyumba ile ilikuwa na mtoto mchanga.

Bi Time alikuwa shoga yake tangu chuoni, walipochapwa fimbo moja kwa kosa moja. Binti wa Time, Sabiha, alikuwa amerudi kwa mamake kujifungua mimba ya kwanza, kama ada ilivyo, na sasa yumo ndani akingoja arobaini itimie. Kwamba mpishi wa arobaini hiyo ni Khairat, hapakuwa na haja ya kusema. Ndiye aliyepika harusi ya Sabiha. Ndiye aliyepika harusi ya Time mwenyewe, alipokuwa bado mwanafunzi wa bibi yake. Kila asubuhi alimpelekea mzazi bakuli la uji wa pilipili manga, na kila adhuhuri bakuli lilirudi limeoshwa, na ndani yake tende, au ndimu, au kipande cha mkate wa kumimina. Chombo hakirudi kitupu.

Siku moja bakuli likarudi limejaa. Uji wote, umeganda, juu umeshika ngozi.

Khairat aliutazama uji ule muda mrefu. Alionja kwa ncha ya kidole. Haukuwa na kasoro. Alasiri akaenda.

"Hodi!"

"Karibu," alisema Time, bila kusogea mlangoni. Zamani angesema: ingia, unabisha nini, nyumba ya nani hii?

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Amelala."

"Nimchungulie."

"Amelala, Khairat."

Kutoka ndani mtoto akalia kwa sauti ya mtu aliyekuwa macho siku nyingi. Wanawake wawili wakatazamana.

Usiku ule Khairat hakula. "Amepata mpishi mwingine," alimwambia Maulid. "Yule wa Chumbageni, anayetia karoti kwenye pilau. Mtu ananiona nguo zinanipwaya, anasema Khairat mgonjwa, Khairat kwisha. Nikikosa sufuria ya Time, shoga yangu, ninayekaa naye ukuta kwa ukuta, nani atanipa yake? Watauliza: kwani Time kaona nini?"

Maulid alikuna kidevu. "Mimi nimesikia jingine gengeni. Wanasema mtaani pana mwanga, mchawi wa usiku. Anaizunguka nyumba ya Time alfajiri, cheusi tupu, kinahema kama ng'ombe, na kinaacha makombo yake barazani. Mtoto anashtuka kila kikipita. Ustadhi ameshaitwa kusoma."

"Ya Latifu!" Khairat alijishika kifua. "Na mimi natoka peke yangu saa hizo hizo!"

Maulid alimtazama. Alitaka kusema kitu. Lakini alikuwa mtu anayefikiri polepole, na mkewe alikuwa ameshaanza kuhesabu watu: nani anaweza kuwa mwanga? Jina la kwanza lililomjia lilikuwa la Bi Anastazia wa kichochoroni, anayeishi peke yake na kuongea na kuku wake kwa kilugha. Khairat aliona haya kumfikiria hivyo. Akaendelea kumfikiria.

Kesho yake nusura asitoke. Lakini alishakuwa na ule ukaidi wa mtu anayejifunza jambo ukubwani. Alitoka, ila alikimbia huku akisoma Ayatul Kursiyu kwa sauti ya kunong'ona, akimeza pumzi katikati ya maneno. Na kila alipofika nyumba ya Time, mahali penye hatari, aliongeza mwendo na kuongeza kunong'ona. Ndani mtoto akaangua kilio. Maskini, aliwaza, kile kitu kiko karibu.

Siku iliyofuata, alipokuwa akiinama kuweka kipande cha mkaa, ukutani pakainuka kitu cheupe.

Khairat hakupiga ukelele. Pumzi ya ukelele hakuwa nayo. Aligeuka akakimbia, na hapo ndipo alipojua kwamba siku zote zile alikuwa akitembea tu kwa haraka. Baibui lilijaa upepo, mtandio ukamshuka mabegani. Nyuma yake kile cheupe kilimfuata kwa kishindo cha kandambili, chumvi ya mawe ikamnyeshea mgongoni, kisha vitu vyepesi vikamgonga kisogoni na kuanguka mbele yake, vyeusi, vidogo.

"Chukua! Chukua makaa yako! Umwache mjukuu wangu!"

Ilikuwa sauti ya Time.

Khairat aliviona vipande vya mkaa vikibingirika kwenye vumbi, na miguu ikiwa bado inakwenda, kichwa kikafika. Cheusi tupu. Kinahema kama ng'ombe. Makombo barazani. Kona ilikuwa mbele yake, hatua chache tu. Time alikuwa hajamwona uso. Angeikata kona ile, angeingia kwake kwa mlango wa uani, angezitia raba jikoni ziungue, na kesho angepeleka uji kama kawaida na kusema: ah, afadhali kimeondoka, shoga yangu. Sufuria ya arobaini ingebaki yake.

Akaikata kona.

Ndipo akasikia kandambili zimenyamaza, na baada yake mluzi mwembamba wa kifua kinachotafuta hewa. Time alikuwa na pumu tangu chuoni. Khairat aliujua mluzi ule. Mara ngapi alimshikia kichwa juu ya mvuke wa mkaratusi?

Alisimama akiegemea ukuta wa watu. Kisha akarudi, akiwa kichwa wazi.

Time alikuwa amekaa chini katikati ya njia, kanga yake nyeupe imejaa vumbi. Alipomwona, alijisogeza nyuma kwa makalio.

"Usinisogelee!"

"Ni mimi, Time."

"Najua ni wewe! Ndiyo maana!"

"Inama mbele. Pumua kwa pua. Kichupa chako cha pumu kiko wapi?"

Khairat alikitoa kwenye ncha ya kanga Time alimokifunga, akamwekea mdomoni. Time alivuta huku macho hayamtoki usoni mwa Khairat, kama mtu anayenyweshwa maji na mwizi.

"Unafanya nini nyumbani kwangu alfajiri?" alisema alipopata sauti.

"Nakimbia."

"Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu. Nakimbia tu. Presha. Zahanati wameniambia."

"Presha ndiyo inataka mkaa?"

"Mkaa ni hesabu. Mzunguko mmoja, kipande kimoja. Kama mchele. Harusi ya Sabiha ulikaa karibu yangu ukavipiga teke, ikabidi nipime upya, ukasahau?"

Time alikumbuka; uso ulisema. Lakini uso ulisema pia kwamba mwanga mwerevu angeanza na ukumbusho kama huo.

"Na kule kunong'ona?"

"Ayatul Kursiyu. Nilikuwa namwogopa mwanga."

Kicheko kilimtoka Time kwa nguvu hata pumu ikamrudia. Alipotulia alijifuta macho, akawa mkavu tena. "Nimekuamini," alisema. "Nusu. Lakini chakula cha arobaini hakiliwi na mimi peke yangu, na mtaa mzima umeshasikia."

"Ulinitaja?"

"Nimtaje nani, nami sikukujua? Nimesema pana kitu cheusi."

Mlango ule wa kukwepa ukafunguka tena mbele ya Khairat, mpana. "Basi si kiondoke tu hicho kitu cheusi?"

"Wameshampata mwenyewe," alisema Time. "Wanasema ni Anastazia. Jana wamekataa kununua mayai yake."

Khairat aliokota kipande kimoja cha mkaa, akakifuta vumbi, akakitia mfukoni. Mayai ya Anastazia yeye naye hakuyanunua jana. Alikuwa amepita kwa upande wa pili wa kichochoro.

Jumapili asubuhi, jua likiwa limeshapanda na kila baraza lina watu wake na vikombe vyao vya kahawa, Khairat alitoka mlango wa mbele amevaa raba. Mwili wake wote ulimtangulia na kumfuata. Kufika kona ya kwanza watoto walikuwa nyuma yake, wakiimba jina lake. Kijana mmoja alipiga mluzi. Mwanamke mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, "Kumbe ng'ombe ni huyu!" Maulid alimfuata kwa baiskeli ya mteja, akipiga kengele kama anayesindikiza bwana harusi. Kichochoroni Khairat alisimama mlangoni kwa Anastazia, akihema.

"Bi Anastazia, niwekee trei moja ya mayai. Narudi."

"Unarudi saa ngapi?" aliuliza Anastazia, naye akimtazama kwa mashaka, kwani hakuwahi kununuliwa trei nzima na mtu anayekimbia.

"Mzunguko ujao!"

Barazani kwake Bi Time alikaa na sahani ya vipande vya mkaa mapajani. Khairat alipopita, Time alikiinua kimoja juu watu wote wakione, akakigonga kwenye saruji. "Huo wa kwanza!" alitangaza. "Mwanga hahesabiwi mchana!" Wengine walicheka. Wengine waliwaita watoto wao ndani. Dirishani Sabiha alisimama na mwanawe begani, akatazama, na mzunguko wa mwisho ulipopita mtoto hakulia. Lakini pazia akalirudisha.

Siku hiyo Khairat alipeleka uji kama kawaida. Alasiri bakuli likarudi. Alilitazama kwa mbali kwanza, limefunikwa kawa, akakumbuka ngozi ya uji ulioganda. Kisha akafunua. Uji ulikuwa umenyweka wote, bakuli limeoshwa, na ndani yake vilikuwamo vile vipande vya mkaa, vimefutwa vumbi.

"Bibi amesema hutahesabu mchele wa arobaini kwa vidole," alisema mtoto aliyelileta, akakimbia kurudi.

Khairat alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akavimwaga mapajani, akavipanga kimoja kimoja. Akarudia. Kimoja hakikuwapo.

Alimjua Time. Kile kimoja kilikuwa kwa ustadhi, kinasomewa.