Siku Tisa Nilizomwongezea Mama Mkubwa

Nilimwongezea mama yangu mkubwa siku tisa za eda. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini, mara nyingine hata bila kuulizwa. Katika kila msiba wa ukoo wetu hapa Kampala, mjane akishaketi ndani na watu wakaanza kuhesabu miezi, lazima atokee mtu wa kukumbusha jinsi eda ya mama mkubwa ilivyovurugika huko Uingereza, ati kwa sababu mawingu ya kule hayamwachi mtu auone mwezi. Mimi hutikisa kichwa kwa masikitiko na kusema kwamba mawingu ya kule ni mabaya sana. Mawingu hayakuhusika.

Mama mkubwa alikuwa dada wa mama yangu, wa tumbo moja. Mumewe alikuwa mpanga chapa, na mwaka ule watu walipoanza kufuatwa makazini na magari yasiyo na namba, alipata kazi katika kiwanda cha uchapaji kwenye mji mdogo wa Uingereza, kando ya mto. Wakahama. Walikaa huko miaka minne, kisha Jumanne moja moyo wa yule bwana ukasimama. Simu ya maandishi ilipofika kwetu Kyebando, mama aliweka chini nguo aliyokuwa akiishona, akasema mwanamke hakai eda peke yake kama mwizi. Mtu aende. Yeye mwenyewe alikuwa na miguu iliyovimba. Nikasema nitakwenda mimi.

Nilisifiwa sana. Msomi wa chuo kikuu, mhadhiri msaidizi, anaacha kazi zake kwenda kukaa na mjane. Ukweli ni kwamba wakati ule ningekwenda kukaa na mjane wa mtu yeyote, mradi awe upande wa pili wa uwanja wa ndege. Idarani kwetu mwenzetu mmoja alikuwa ameitwa nje katikati ya chai; kikombe chake kilikaa dirishani wiki tatu na hakuna aliyethubutu kukiosha. Nyumbani tulisema Kiswahili tangu enzi za mababu waliokuja na misafara ya biashara kutoka pwani, na sasa hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani. Tukiingia dukani tukizungumza, watu walinyamaza. Askari nao hawakutuamini, walisema tunaongea kama kitabu.

Ili niruhusiwe kutoka, mkuu wa idara alitaka mdhamini, mtu atakayejibu nisiporudi. Mama alitia saini kwa mwandiko wake wa madrasa, polepole, akapuliza wino ukauke. Kwa hiyo nisijifanye sikujua.

Nilifika siku ya ishirini ya eda. Mji ule ungeweza kuumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa: daraja, kanisa, duka la nyama, na mto uliopita chini kabisa ya dirisha la mama mkubwa. Kwenye dirisha hilo ndipo alipoketi, amejifunga nguo nyeupe, hana wanja wala manukato. Kando yake palikuwa na makopo mawili ya chai. Katika la kwanza alikuwa ametia punje mia na thelathini za maharage, na kila jioni baada ya kuswali magharibi alihamisha moja kwenda la pili. Alinikabidhi mimi kazi hiyo. Alisema mtu aliyesoma hisabati mpaka chuo kikuu hawezi kushindwa na maharage.

Nje nilikuwa mkalimani. Bibi wa nyumba ya jirani alileta jemu ya matufaha na kutaka kumtoa mama mkubwa matembezi mtoni. Nilimweleza eda kwa Kiingereza changu chote. Alisikiliza kwa huruma, kisha akaniuliza taratibu kama ugonjwa wenyewe unaambukiza. Ndani, mama mkubwa aliwatazama wanaume waliokaa ukingoni na fimbo zao, wakivua samaki, wakiwapima, halafu wakiwarudisha majini. Jambo hilo lilimkera kuliko baridi.

"Anavua, anarudisha," alisema. "Sasa siku nzima amefanya nini?"

Mpango wake ulikuwa mmoja na hakuubadilisha hata siku moja: eda iishe Ijumaa, na Jumatano inayofuata apande ndege na mimi, arudi Kyebando kwa mdogo wake. Nilimweleza habari za Kampala. Nilimweleza kwamba sukari imekuwa hadithi na kwamba tunafua nguo kwa maganda ya mapapai. Nilimweleza habari za kile kikombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema dada yake yuko peke yake, na huu mto ameutazama miaka minne na bado haujamjua. Lakini peke yake hangesafiri. Alikuja ameshikwa mkono na mumewe, na hakukusudia kurudi bila mkono wa mtu.

Tiketi zetu zilikuwa za bei nafuu, zile ambazo ukiikosa ndege basi. Hapo ndipo akili yangu ya chuo kikuu ilipofanya kazi. Sikutaka kukataa kurudi. Kukataa kunahitaji ushujaa. Nilitaka kuchelewa. Kama eda ingekuwa haijaisha siku ya ndege, lawama ingekuwa ya dini na ya mwezi, na hata wale waliokuwa na karatasi ya mama wangeona kwamba mtoto hakukimbia. Nilijiambia hivyo, na nilijiamini, ingawa nisingeamini hoja dhaifu kama hiyo katika insha ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nyumbani niliandika kwamba mawingu yanauficha mwezi na hesabu inasumbua. Jioni tisa, si mfululizo, mama mkubwa akiwa bado ameinua mikono kuomba dua, nilihamisha punje moja mbele yake kisha nikaichukua tena na kuirudisha ilikotoka.

Mama aliandika kwamba atapiga simu Jumapili, siku tatu kabla ya ndege. Alikuwa na mteja huko Mbuya, na simu za Mbuya zilikuwa nzima kuliko zetu kwa kuwa wakubwa wa jeshi waliishi mlimani hapo.

Jumapili hiyo asubuhi kopo la kwanza lilikuwa na punje nane. Kengele ya kanisa ililia, kama kawaida, mpaka vikombe vikatetemeka. Iliponyamaza mama mkubwa alisema, bila kugeuka kutoka dirishani:

"Hiyo ya kumi na tisa."

Nikamuuliza kumi na tisa nini.

"Jumapili. Bwana wangu alikufa Jumanne, nikaanza kuzihesabu. Kengele ile haina tiketi, mwanangu. Haina pa kwenda."

Nilipiga hesabu kichwani. Eda ilikuwa imekwisha juzi. Nilitaka kusema kitu kuhusu mwandamo wa mwezi na tofauti za maoni ya wanazuoni, na namshukuru Mungu kwamba sikukisema. Yeye aliendelea kutazama nje, ambako mzee mmoja alikuwa akimfungua samaki kwenye ndoana.

"Umevua, umerudisha," akasema. "Mara tisa. Nilifikiri utachoka uniambie mwenyewe."

Nilimuuliza kama atamwambia mama.

"Mimi? Mwenye makopo ni wewe." Akajitengeneza nguo yake nyeupe. "Ukisema haijaisha, nitakaa hapa mpaka punje ya mwisho. Mjane habishani na hesabu za msomi. Lakini utasema kwa mdomo wako, na atakusikia."

Tulikula mchana. Nilikumbuka mama akipuliza ule wino. Saa tisa simu ikalia, na mama mkubwa hakuinuka.

Kwanza alikuja mwanamke wa mitambo, kisha ukelele wa upepo, kisha sauti ya mama, ndogo sana, kama ya mtu aliye chini ya kisima. Nyuma yake palikuwa na pumzi ya mtu mwingine, anayesikiliza. Mama alinisalimia, akauliza afya ya dada yake. Kisha akauliza eda imefika wapi. Kuhusu ndege hakuuliza, wala kuhusu ile saini.

"Imeisha, mama," nikasema. "Imeisha juzi."

Niliisikia ile pumzi.

"Mnakuja wangapi?"

"Wawili. Jumatano."

Nilimsikia akimwambia yule mwenye pumzi, kwa Kiganda, kwamba ni wawili. Kisha akarudi na kuniuliza kama huko tuliko sabuni bado inauzwa hadharani. Nikasema inauzwa.

"Basi leteni," akasema. "Na chumvi. Usisahau chumvi." Simu ikakatika.